UZI: GTX 1060 6GB bado inaweza kusukuma Cyberpunk 2077 au nikate tamaa tu?

KijanaWaFremu
Wakuu habari za muda huu, natumaini wote wazima. Naomba msaada maana hii ni wiki ya pili nazunguka na jambo moja. Nina desktop ya miaka kidogo, prosesa Core i5-6500, RAM 8GB kijiti kimoja, harddisk ya 1TB ile ya kuzunguka, na kadi ya grafiki GTX 1060 ya 6GB ambayo niliachiwa na kaka yangu alipohamia kwenye laptop. Monita ni 1080p 60Hz. Nataka kucheza Cyberpunk 2077. Sasa kinachonichanganya, sehemu moja nimesoma GTX 1060 6GB ndio kadi INAYOPENDEKEZWA kwa hili gemu, sehemu nyingine nasoma hiyo hiyo ndio kiwango CHA CHINI KABISA. Kadi ni ile ile, gemu ni lile lile, inakuwaje iko juu na iko chini kwa pamoja? Sina makuu, sitaki ray tracing (ile ya kuiga mwanga halisi), nataka nicheze hadithi mpaka mwisho bila picha kukatakata. Wenye uzoefu nisaidieni kabla sijatoa hela.

Jicho_la_Kozi
Inacheza mkuu, usiogope. Mimi nililimaliza 2021 na 1060, seti Medium, freshi kabisa. Nunua cheza.

tulia_uone
Achana nayo hiyo kadi ni ya 2016. Jichange ununue kadi mpya ya RTX utanishukuru.

MzeeWaSoketi
Kijana wangu karibu. Jibu la swali lako la kwanza ni kwamba waliokuambia wote wawili wamesema kweli, ila wanasoma karatasi za miaka tofauti. Gemu lilipotoka Desemba 2020 waliandika kiwango cha chini ni GTX 780, prosesa Core i5-3570K na RAM 8GB, na kinachopendekezwa kikawa GTX 1060 6GB na Core i7-4790 na RAM 12GB. Kipindi hicho kadi yako ilikuwa imekaa meza ya juu. Ikaja 2023, mwezi wa 9 wakashusha apdeti 2.0 na siku chache baadaye ikatoka ile nyongeza ya Phantom Liberty, na hapo wakaandika upya kila kitu. Kiwango cha chini kikawa GTX 1060 6GB, Core i7-6700, RAM 12GB na SSD ya 70GB, na harddisk ya kuzunguka wakaiondoa kabisa kwenye orodha. Hiyo 2.0 hata PS4 na Xbox One hazikupewa. Kwa hiyo huyu ndugu Jicho_la_Kozi hajakudanganya, ila alichocheza yeye 2021 sio hiki utakachodaunlodi wewe leo.

Sasa angalia hiyo karatasi mpya tena taratibu, usiangalie kadi peke yake. Kadi unayo. Prosesa wanataka i7-6700 yenye kori 4 na thredi 8, wewe una i5-6500 kori 4 na thredi 4, uko chini. RAM wanataka 12 una 8, uko chini. SSD huna. Yaani katika vitu vinne kimoja tu ndio kimefika na ni hicho hicho ambacho wewe una wasiwasi nacho! Watu wengi wanaokuja kuuliza kuhusu kadi ya zamani, ukikagua unakuta kadi ndio kitu chenye afya kuliko vyote ndani ya boksi lao.

Na hiyo "kiwango cha chini" ujue wanamaanisha nini maana hawajaificha, ni 1080p, seti Low, fremu 30 kwa sekunde. Kama 30 zilizotulia zinakutosha basi tuendelee kuongea, kama roho yako inataka 60 basi msikilize ndugu tulia_uone.

KijanaWaFremu
Shkamoo mzee. Daah nimeelewa sasa, mimi muda wote nilikuwa naangalia mstari wa kadi tu. 30 zilizotulia zinanitosha kabisa, nimekua na PS3 mimi. Ila mzee 1060 si itashindwa hata nikiongeza hivyo vingine? Maana naona watu wanasema imechoka.

BintiWaya
Kabla hujaenda mbali kaka, hiyo kadi umehakikisha ni 1060 kweli? Usinielewe vibaya, kaka yako simtilii shaka, lakini na yeye inawezekana aliuziwa. Mimi yalinikuta, nilinunua kadi kwa mtu imeandikwa GTX 1060 6GB, Windows inasema GTX 1060, boksi linasema GTX 1060, gemu zinakataa kufunguka, zinatupa ujumbe wa DirectX basi. Nikahangaika na draiva wiki nzima, nafuta naweka nafuta naweka. Mwisho rafiki yangu akaniambia fungua GPU-Z angalia jina la chipu, nikakuta imeandikwa neno FAKE mbele ya jina na chipu ni ya GTX 550 Ti, kadi ya 2011 ambayo wameiandikia BIOS ya uongo. Yule muuzaji simu hakupokea tena. Niliumia sana.

Kwa hiyo daunlodi GPU-Z, ni programu ndogo haimalizi bando. Pale juu kwenye sehemu ya chipu iandike GP106. Shaders 1280. Memori GDDR5 6144MB, basi 192 bit. Ukiona shaders 1152 hiyo ni ile ya 3GB ambayo wameipa jina la 1060 wakati hata chipu wameipunguza. Ukiona kitu kingine kabisa rudi hapa tukupe pole.

Jicho_la_Kozi
Kweli kabisa dada, na plagi pia inasema. 1060 nyingi ina tundu la umeme pini 6, kwa sababu inakula wati 120 na mlango wa madabodi unatoa 75 tu. Ukiona "1060" haina waya wowote wa umeme jiulize mara mbili.

KijanaWaFremu
Nimefungua GPU-Z. GP106, 1280, GDDR5, 6144MB, 192 bit, pini 6 ipo. Alhamdulillah ni yenyewe.

Wakuu samahani naomba niseme ukweli, sikuvumilia. Nimenunua gemu Steam jana usiku likiwa na punguzo nikaliweka kwenye harddisk hiyo hiyo na RAM hiyo hiyo, nilitaka kuona kwa macho yangu. Limefunguka! Menyu safi, kutengeneza sura ya V (mhusika wangu) safi, ndani ya nyumba safi. Nikatoka nje kwenye barabara, ebwana. Gari linakuja nusu, watu wanatokea mbele yangu ghafla, picha inaganda sekunde nzima halafu inaruka. Nikashusha kila kitu Low haikubadilika kitu. Nikashusha mpaka 720p HAIKUBADILIKA KITU. Nimevunjika moyo, kadi imekufa hii.

MzeeWaSoketi
Kijana umeniandikia habari njema bila kujua. Umeshusha picha mpaka 720p na hakuna kilichobadilika, si ndio? Kama kadi ndio ingekuwa imeelemewa, ungepunguza picha ingepata nafuu papo hapo, kwa sababu 720p ina pikseli chini ya nusu ya 1080p. Mzigo wa kadi umepunguza zaidi ya nusu na hali ni ile ile, maana yake anayechelewesha ni mwingine, kadi imekaa inamsubiri.

Fanya hivi. Weka MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, washa vile vinamba vya pembeni mwa skrini: matumizi ya GPU (yaani kadi), joto la GPU, VRAM (memori ya kadi), matumizi ya kila kori ya prosesa, RAM, na frametime (muda wa kila fremu), hiyo ya mwisho iweke iwe mchoro sio namba. Rudisha 1080p, Low, toka nje pale pale ulipokwama, tembea dakika tano, uniandikie unachoona. Na uangalie Steam umecheza saa ngapi, ukiwa chini ya saa 2 na siku 14 hazijapita hela yako wanarudisha bila maswali mengi. Walionunua kwenye duka la GOG wana siku 30. Usipoteze hizo saa kwa kubadilisha nywele za V.

KijanaWaFremu
Nimecheka mzee maana nimetumia dakika 25 kwenye nywele. Saa 1 na dakika 10 jumla.

Namba hizi hapa. GPU inacheza 45 mpaka 60%, haifiki juu. VRAM 3.9GB. Prosesa kori zote nne 100, 100, 99, 100. RAM 7.8GB, yaani imejaa mpaka pomoni. Joto la GPU 83 na hapo haifanyi hata kazi yote. Frametime ule mchoro unakaa chini kidogo halafu unapiga mlima mrefu, chini, mlima, na kila mlima ndio picha inaganda. Na taa ya harddisk pale mbele ya kesi haizimi, inawaka mfululizo.

MzeeWaSoketi
Asante, umeniandikia vizuri kuliko watu wengi. Ngoja nikusomee.

Kadi 45 mpaka 60% ina maana karibu nusu ya nguvu yake imelala. VRAM 3.9 kati ya 6, ina nafasi. Hiyo sio kadi iliyokufa.

RAM 7.8 kati ya 8 na taa ya harddisk haizimi, hivi viwili ni ugonjwa mmoja. RAM ikijaa Windows inachukua vitu inavitupa kwenye disiki, vikihitajika inavirudisha, na wakati huo huo gemu nalo linaiomba disiki hiyo hiyo ilete mtaa mpya, majengo, magari, sauti. Harddisk ina mkono mmoja wenye vichwa vya kusomea unaotembea juu ya sahani, hauwezi kuwa sehemu mbili. Hapo ndio gari linakuja nusu. Tangu 2.0 wameacha kuunga mkono harddisk, kwa hiyo hapo usitegemee seti ikuokoe.

Kwa hiyo: SSD, hata ile ya SATA ya kawaida tu, sio lazima NVMe. Na RAM ongeza kijiti kingine cha 8 ufikie 16, ukiweka viwili vinafanya kazi kwa njia mbili na prosesa yako inapata data haraka zaidi kuliko sasa inavyonyonya kwa mrija mmoja. Jaribu kupata kijiti cha spidi ile ile. Hizo mbili kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na hata ukija kubadilisha kompyuta huko mbele SSD unahama nayo.

Prosesa hiyo kori nne 100% ni kweli imeelemewa na itaendelea kuelemewa, hapo sikufichi. Sehemu ya mzigo wake ni kuhangaika na disiki, itapungua. Inayobaki tutaipunguza kwa seti.

Joto 83 nalo nalitazama kwa umakini. Nvidia wameweka hiyo 83 ndio mstari, 1060 ikifika hapo inaanza kujipunguza spidi yenyewe isizidi. Ikifika 83 ikiwa nusu kazi, siku prosesa ikifunguka na kadi ikapewa kazi yote itakuwaje? Lini ilifunguliwa mara ya mwisho?

KijanaWaFremu
Haijawahi kufunguliwa mzee, tangu 2017 kaka aliponunua.

tulia_uone
Mimi bado nasema hela ya SSD na RAM jumlisha, ngoja kidogo, nunua kadi mpya. Kwa nini mnamtibu mgonjwa wa miaka yote hiyo?

BintiWaya
Ndugu yangu ukiweka RTX kwenye hiyo i5 yenye RAM 8 na harddisk, unafikiri taa ya harddisk itazimika? Ataganda pale pale alipoganda, tofauti ataganda na kadi ya bei. Namba zipo hapo juu ameziandika mwenyewe, kadi inatumika 50%. Ukimletea kubwa zaidi itatumika 20%.

tulia_uone
Hapo umenipata dada, hilo la namba sikuliangalia vizuri. Naunga mkono SSD kwanza.

MzeeWaSoketi
Safi. Sasa kijana kuhusu joto. Miaka yote hiyo ile pesti ya kupozea iliyopo kati ya chipu na chuma cha kupozea imeshakauka. Nakueleza nilivyofanya kwenye yangu mwezi uliopita, nayo ni 1060, ya feni mbili.

Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja umeme uliobaki uishe. Chomoa pini 6 kwa kubana kile kiulimi, usivute waya. Kadi imeshikwa na skrubu nyuma ya kesi na kuna kishikizo kidogo mwisho wa mlango wa PCI, kibonyeze ndio utoe kadi, wengi wanakisahau wanavunja. Iweke juu ya kitambaa kisafi, mgongo juu. Katikati ya mgongo utaona skrubu nne zimezunguka chipu, zina springi. Zilegeze kwa msalaba, moja hapa kidogo, ya pili upande wa pili kidogo, usimalize moja yote kwanza. Ukizitoa USIVUTE kwa nguvu, zungusha chuma kidogo kidogo kushoto kulia mpaka kiachie chenyewe, na kuna waya wa feni mwembamba umefungwa kwenye bodi, uchomoe kabla hujatenganisha.

Yangu nilipofungua pesti ilikuwa imekuwa kama ugoro uliokauka, ya kijivu, inapukutika, katikati ya chipu palikuwa peupe kabisa hakuna kitu, imesukumwa yote pembeni. Vile vipande laini vilivyokaa juu ya chipu za memori usivitupe kama havijachanika, virudishe palepale. Futa pesti ya zamani kwa pamba na spiriti mpaka uone sura yako kwenye chipu. Weka mpya tone la ukubwa wa punje ya dengu, rudisha chuma kwa msalaba vile vile. Feni zishike kwa kidole wakati unapuliza vumbi, zisizunguke ovyo. Yangu ilikuwa 84 ikashuka 68 kwenye gemu lile lile na chumba kile kile, na kelele zikapungua nikadhani feni zimekufa.

Jicho_la_Kozi
Naongezea kitu kuhusu seti maana hapa ndio nilipopitia. Zipo seti nyingi lakini zinazokula kadi kweli kweli ni chache. Ya kwanza Screen Space Reflections, ile ya taswira zinazoakisiwa kwenye maji na vioo mtaani usiku, hiyo weka Low au zima, ila ukiweka Low kuna sehemu barabara inakuwa na chengachenga, jaribu zote mbili. Ya pili ukungu wa Volumetric Fog weka Low, mawingu nayo Low, hutayaangalia. Ambient Occlusion Low. Vivuli vya mbali Low. Zinazobaki unaweza ukaweka Medium na macho yako yasidai kitu.

Tekscha zina siri yake, ukiwa ndani ya gemu hiyo sehemu haibadiliki, lazima utoke mpaka menyu kuu ndio ubadilishe. Watu wanahangaika sana hapo. Kwa 6GB weka Medium au High, tekscha hazili spidi zinakula nafasi tu na nafasi unayo. Mwenye 3GB ndio aweke Low.

Na kwa ajili ya prosesa, kuna sehemu wameiita Crowd Density, huo ni wingi wa watu mtaani. Weka LOW. Hiyo haihusiani sana na kadi, kila mtu anayetembea pale prosesa ndio inamfikiria anaenda wapi. Kwa i5 yako hii ndio seti muhimu kuliko zote nilizotaja.

KijanaWaFremu
Nimeandika kwenye daftari. Na hii FSR na DLSS niwashe ipi?

BintiWaya
DLSS hutaiona hata, inataka kadi za RTX. Wewe ni FSR, ambayo AMD waliitengeneza ifanye kazi hata kwenye kadi zisizo zao na za zamani. Inavyofanya, gemu linachorwa dogo halafu linakuzwa. Kwenye 1080p ukiweka Quality linachorwa 1280 kwa 720, ukiweka Performance linachorwa 960 kwa 540. Mimi kwa 1080p nisingeshuka chini ya Quality, hiyo 540 nyaya za umeme na nywele na vitu vya mbali vinakuwa kama vinachemka ukitembea, macho yanachoka. XeSS ya Intel nayo itawaka kwenye 1060, picha yake imetulia kidogo kuliko FSR lakini ni nzito zaidi, jaribu mwenyewe uone.

Ila kumbuka FSR inamsaidia GPU. Kama prosesa ndio imekwama haikupi kitu. Kwa hiyo iwashe mwisho, baada ya SSD na RAM, na baada ya kuona GPU imefika 95% na kitu.

Mgeni_Njia
Na ile frame generation je? Nimeona ipo kwenye menyu, si inazidisha fremu mara mbili?

MzeeWaSoketi
Kwa 1060 yenye fremu 30 achana nayo ndugu. Ile inachora fremu ya kati kwa kubahatisha baina ya mbili za kweli, na AMD wenyewe wanashauri uwe umeshafika kama 60 za kweli kabla hujaiwasha. Ukiiwasha ukiwa 30 kaunta itasoma namba kubwa utafurahi, ukishika mausi utaona unalenga sasa risasi inaenda baadaye.

Na kuhusu kutulia, kijana, monita yako ya 60Hz inachora kila milisekunde 16.7. Fremu 30 ni milisekunde 33.3, yaani kila fremu inakaa michoro miwili kamili. Fremu 40 ni milisekunde 25 ambayo haigawanyiki na hiyo 16.7, kwa hiyo moja inakaa michoro miwili, nyingine mmoja, macho yanaona mtetemo japo namba ni kubwa. Ndio maana mtu anapata 43 analalamika, mwenzake amefunga 30 kwa RivaTuner anacheza ametulia. Funga 30 uangalie ule mchoro wa frametime ulale kama uzi.

Mgeni_Njia
Samahani kwa kuingilia uzi wa mtu, mimi nina GTX 970 na mdogo wangu ana 1050 Ti. Vipi sisi?

Jicho_la_Kozi
970 nguvu yake haipishani sana na 1060 ila ina 4GB, na katika hizo nusu giga ya mwisho ni ya polepole, kwa hiyo tekscha Medium kushuka chini. Itacheza ukibembeleza. 1050 Ti hiyo ni ya kufunga resolusheni chini na FSR juu, binafsi ningeacha nicheze gemu nyingine, zipo nyingi nzuri zinazoipenda hiyo kadi.

Mgeni_Njia
Sawa mkuu. Na Indiana Jones lile jipya?

MzeeWaSoketi
Hilo kwa kadi zetu hizi halifunguki. Na hapa wote tuelewane maana kuna "polepole" na kuna "haiwezekani" na ni vitu viwili. Cyberpunk kwenye 1060 ni polepole, unapunguza hiki unapunguza kile unafika. Indiana Jones and the Great Circle la Desemba 2024 linadai ray tracing ya kwenye chipu yenyewe, kiwango chake cha chini ni RTX 2060 Super. Doom: The Dark Ages la 2025 hivyo hivyo. Hapo hata ushushe mpaka 480p, mlango umefungwa, chipu haina hicho kiungo. Alan Wake 2 lilikuwa katikati, lilipotoka 2023 lilitegemea mesh shaders (njia mpya ya kuchora maumbo) ambazo GTX 10 hazina, likawa linafunguka lakini linatambaa, mpaka Machi 2024 wakatoa apdeti iliyozisaidia hizi kadi zetu. Kwa hiyo kabla hujanunua gemu jipya usisome jina la kadi tu, soma kama wameandika ray tracing ni lazima.

Na jambo lingine linalonihusu na mimi. Nvidia wamesema draiva za kutayarisha gemu mpya kwa GTX 900 na 10 mwisho ilikuwa Oktoba 2025, baada ya hapo ni za usalama tu mpaka Oktoba 2028. Kadi haizimiki, gemu ulizonazo zitaendelea. Ila gemu jipya likija na kasoro kwenye 1060, usitegemee mtu akae aitengeneze. Draiva yako iweke ya tawi la 580, na kama ulikuwa na za zamani zimerundikana futa kwa programu ya DDU ukiwa Safe Mode ndio uweke mpya.

KijanaWaFremu
Wakuu NIMERUDI. Imepita wiki na nusu, nilikuwa nakusanya.

Nimeweka SSD ya SATA 480GB, RAM kijiti cha pili imekuwa 16. Gemu sikurudisha Steam, nililihamishia kwenye SSD tu. Na kadi nimeifungua mwenyewe! Mikono ilikuwa inatetemeka pale kwenye zile skrubu za springi, chuma kiligoma kuachia nikakumbuka maneno ya mzee, nikakipasha kidogo kwa draya ya nywele, nikazungusha polepole kikaachia na mlio mdogo. Pesti ilikuwa ngumu nikaikwangua na kadi ya simu ya plastiki. Vumbi ndani ya mapezi lilikuwa limejipanga kama blanketi, nimetoa karatasi zima la vumbi likiwa halijakatika.

Matokeo: joto kutoka 83 mpaka 69. RAM gemu na Windows pamoja wanatumia kama 11GB, sasa naelewa kwa nini 8 ilikuwa inasonga. Taa ya harddisk imezimika. Pale pale barabarani nilipoganda siku ya kwanza, magari yanakuja mazima, ishara zinasomeka toka mbali. GPU imepanda 85 mpaka 97%, prosesa bado inagusa 100 lakini inashuka. Seti za Jicho_la_Kozi kama zilivyo, tekscha Medium, Crowd Density Low, FSR Quality. Benchmaki ya ndani ya gemu imenipa wastani 46. Mtaani mchana 38 mpaka 45, nimefunga 30 kama mzee alivyosema na ule mchoro umelala kweli. Nimekaa saa nne jana sikusimama.

BintiWaya
Hongera sana kaka, nimefurahi kama kadi ni yangu! Na hiyo ya draya ni wazo zuri, pesti ikipata joto inalainika.

MzeeWaSoketi
Hongera kijana wangu. Ukipata tena uwezo siku moja, usikimbilie kadi. Tafuta i7-6700 iliyotumika, inakaa kwenye soketi hiyo hiyo uliyonayo, hubadilishi madabodi wala RAM, zile thredi 8 utaziona mtaani moja kwa moja. Na Cherry Blossom Market kule Japantown umefika?

KijanaWaFremu
Nimefika jana usiku mzee, pale panashuka mpaka 26, 27, prosesa kori zote nne zinawaka. Nimegundua nikiingia kwa miguu inakaa 29, nikiingia kwa gari ndio inadondoka, kwa hiyo naacha gari kona ya juu natembea. Dogtown, ule mtaa wa Phantom Liberty, bado sijafika, nikifika naleta namba.

MzeeWaSoketi
Dogtown ni nzito zaidi ya hapo kwa prosesa. Lete na mchoro wa frametime, nitakuwepo.